Punguza Uzito, Usipunguze Nguvu

   Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya palizi, mbolea na wadudu waharibifu. Leo tutayaacha mahindi kidogo, tuzungumze juu ya mwili wa yule anayeyalima. Mada yetu ni namna ya kupunguza uzito wa mwili bila kupunguza nguvu za kufanyia kazi.

Najua baadhi yenu mmekwisha anza kucheka. Mnasema, "Bibi shamba leo amepotea njia. Sisi watu wa jembe tuna unene gani? Hayo si mambo ya watu wa mjini?" Haya, tusibishane. Kamba itatuambia ukweli.

Chukua kamba ya katani. Simama wima bila viatu, mwenzako akupime toka unyayoni mpaka utosini, kisha aikate kamba hapo hapo. Ikunje kamba hiyo katikati. Sasa umepata nusu ya kimo chako. Izungushe kiunoni, usawa wa kitovu hivi, bila kuikaza na bila kuvuta tumbo ndani. Ncha mbili zikikutana, vizuri, endelea kujitunza. Zisipokutana, basi kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako, na tumboni una mafuta kuliko inavyotakiwa. Mazungumzo ya leo ni yako. Mama mjamzito asijipime kwa njia hii, maana tumbo lake lina kazi nyingine.

Ukijipima wewe, jirani yako na shemeji yako, utaona kuwa jambo hili halipo mjini peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 1991-92 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 11 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2015-16 uliwakuta 28. Mjini ni wengi zaidi, ni kweli, lakini shamba nako wamo.

Sasa sikiliza jambo la pili, ambalo ndilo linalonileta mbele yenu leo. Uchunguzi ule ule wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wa umri huo, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Umeona hapo? Wengi wamezidi uzito, na wengi zaidi wamepungukiwa damu. Pengine ni nyumba ile ile moja. Pengine ni mama yule yule mmoja. Mtu anaweza kuwa mnene na bado mwili wake una njaa.

Je, uzito huu umetoka wapi? Haukutoka kwenye uvivu. Maisha yamebadilika. Zamani mkulima alikwenda shambani kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani. Leo wengi tunapanda bodaboda. Mahindi yalikuwa yanatwangwa kwenye kinu, leo yanakwenda mashine. Hayo ni maendeleo, na hakuna anayetaka kumrudisha mama kwenye kinu. Lakini kazi imepungua na chakula hakikupungua. Tena chakula chenyewe kimebadilika: mafuta ya kula yanauzwa kwa kipimo kidogo katika kila duka, soda imefika mpaka mwisho wa barabara, na mandazi yapo asubuhi na jioni. Baada ya mavuno, fedha ikiingia, ndipo tunapoongezeka zaidi, kwa sababu mwezi huo kazi ni chache na vitu vitamu ni vingi.

Uzito ukizidi, si jambo la sura tu. Shinikizo la damu hupanda. Ugonjwa wa kisukari hupata njia. Na kwa mkulima kuna jambo jingine: magoti na mgongo. Karani mwenye goti bovu anaweza kukaa kwenye kiti akafanya kazi. Wewe unayepalilia kwa kuinama, goti likikataa, shamba limekataa.

Basi tuchukue mfano wa mama wa miaka 45, mwenye kilo 80. Amekwenda zahanati kwa kuumwa kichwa, akapimwa, akaambiwa, "Mama, shinikizo lako la damu liko juu, punguza uzito." Namna ya kupunguza hakuambiwa, maana foleni ilikuwa ndefu. Njiani jirani anamshauri, "Shoga, acha kula usiku, na asubuhi kunywa maji ya ndimu tu. Utapungua mpaka ushangae."

Kweli, wiki ya kwanza anapungua kilo 2. Anafurahi. Hajui kuwa sehemu kubwa ya hizo kilo 2 ni maji. Wiki ya tatu palizi inaanza. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunywa maji yake ya ndimu, anabeba jembe. Saa nne jua limepanda, kizunguzungu kimemshika, anakaa chini ya mwembe. Ekari aliyokuwa anaipalilia kwa wiki moja sasa inachukua wiki mbili, na magugu hayamsubiri mtu. Mwezi wa tatu njaa inamshinda, anarudia kula kama zamani, na zaidi ya zamani. Kilo zote zinarudi. Mwisho wa msimu hesabu yake ni hii: uzito ule ule, damu pungufu, na magunia machache ghalani.

Mama huyu hakukosa juhudi. Alikosa maarifa. Alipunguza chakula chote pamoja, chenye faida na kisicho na faida, kama mtu anayepalilia kwa kung'oa magugu na mahindi.

Tuangalie sasa jinsi mwili unavyofanya kazi. Chakula hutupa vitu vya namna mbili. Kwanza ni nguvu, ambayo wataalamu huipima kwa kalori. Pili ni virutubishi, yaani protini, vitamini na madini, ambavyo hujenga mwili na kuulinda. Nguvu inayobaki bila kutumika huwekwa kama mafuta. Mafuta hayo ni ghala la mwili. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kupunguza uzito maana yake ni kuufanya mwili uchukue akiba kutoka katika ghala hilo, kidogo kidogo, kila siku.

Lakini angalia: mwili ukinyimwa chakula kwa ghafla, hautoi mafuta peke yake. Huanza pia kuvunja misuli, kama mtu anayeng'oa nguzo za nyumba yake apate kuni za kupikia. Na misuli ndiyo inayoinua jembe. Ndiyo maana nasema punguza uzito, usipunguze nguvu. Kalori zipungue, virutubishi visipungue hata kidogo, ikiwezekana viongezeke.

Tupunguze kwa kiasi gani? Usitafute kurudi kwenye mwili wa siku ya harusi yako. Mtu mwenye uzito uliozidi akipunguza kilo 5 hadi 10 katika kila kilo 100 za uzito wake, afya huanza kuwa nzuri: shinikizo hushuka na hatari ya kisukari hupungua. Kwa mama yetu wa kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8 tu. Na mwendo unaofaa ni nusu kilo kwa wiki, au chini ya hapo. Piga hesabu. Kilo 8 kwa nusu kilo kila wiki ni wiki 16. Huo ni muda kama wa mahindi toka kupanda mpaka kukauka. Na kwa kuwa mwili nao huanza kubana matumizi unapopungua, usishangae ukipata kilo 5 au 6 badala ya 8. Hata hivyo umevuna. Hakuna anayepanda mahindi leo akavuna keshokutwa, na akitokea mtu wa kukuuzia mbegu ya namna hiyo, utamwita mwongo. Basi umwite hivyo hivyo anayekuuzia chai au vidonge vya kupunguza kilo 10 kwa wiki moja. Fedha hiyo nunua dagaa.

Sasa tuingie jikoni. Ili kupungua karibu nusu kilo kwa wiki, inatakiwa kuondoa kalori kama 500 kwa siku. Tutazipata wapi?

Tuanze na sukari. Mtu anayekunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 3, ametumia vijiko 9. Akitia kijiko kimoja katika kila kikombe, ameondoa vijiko 6, kama gramu 30. Hapo kalori 120 zimekwenda, na hakuna kirutubishi hata kimoja kilichopotea, maana sukari haina kitu kingine zaidi ya nguvu. Usiache siku moja kwa ghafla. Toka vijiko 3 nenda 2, baada ya wiki mbili nenda 1. Ulimi nao huzoea. Na soda je? Chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 6 au 7 vya chai. Iwe ya sikukuu.

Pili ni mafuta ya kupikia. Mafuta ndiyo chakula chenye nguvu nyingi kuliko vyote: gramu moja ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina kalori 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Kwa hiyo usimimine kutoka kwenye chupa kwa macho. Pima kwa kijiko. Chungu cha watu 5 kilichokuwa kinatiwa vijiko 10, tia 5. Kila mtu mzima amepunguza kijiko kimoja, yaani kalori 120 nyingine. Usiondoe mafuta yote, kwa sababu vitamini A iliyo katika mboga inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini. Na watoto wadogo uwaongezee kijiko katika uji au mboga yao, maana matumbo yao ni madogo na bado wanakua.

Tatu ni ugali. Hapa najua nagusa donda. Sisemi uache ugali. Nasema upunguze donge moja la ukubwa wa ngumi kwa siku. Donge hilo lina unga kama gramu 70, ambao ni kalori 250. Jumlisha: 120, na 120, na 250. Umepata 490. Kazi imekwisha, na hujalala njaa hata siku moja.

Lakini tumbo litauliza, "Kilichokuwa hapa kimekwenda wapi?" Ndipo inapokuja sahani. Igawe sahani yako kwa macho. Nusu iwe mboga za majani na mboga nyingine kama maboga, bilinganya na nyanya chungu, pamoja na kipande cha tunda. Robo iwe ugali, wali, ndizi au mihogo. Robo ya mwisho iwe maharage, kunde, choroko, mbaazi, dagaa, samaki, yai au nyama. Siku ya kazi nzito ya jembe, robo ya ugali inaweza kuongezeka kidogo. Siku ya kukaa barazani ibaki robo. Siku hizi wengi wetu tunafanya kinyume: ugali ni mlima, na mboga ni kijito kinachopita chini yake.

Mboga zina maji na nyuzinyuzi nyingi, zinajaza tumbo lakini kalori zake ni chache. Gramu 100 za mchicha uliochemshwa hazifiki kalori 40. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale mboga na matunda jumla ya gramu 400 kwa siku, na hiyo ni kama mafungu matano ya kujaza kiganja. Maharage na mbaazi nazo zinakaa tumboni muda mrefu, na protini yake ndiyo inayolinda misuli wakati uzito unashuka. Ukila maharage pamoja na ugali, protini ya kimoja inatimiza kasoro ya mwenzake. Wazee wetu waliopika makande walikuwa hawajasoma lishe, lakini chungu chao kilikuwa sahihi.

Tukumbuke na damu. Madini chuma tunayapata katika maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani ya kijani. Yale ya kwenye maharage na majani huingia mwilini kwa shida kidogo, na dawa yake ni rahisi: kula chungwa, pera, embe au papai katika mlo huo huo, au kamulia ndimu kwenye mboga. Kumbe ile ndimu ya jirani ina kazi, ila kazi yake ni pamoja na chakula, si badala ya chakula! Na chai usiinywe pamoja na mlo, kwa sababu inazuia madini chuma yasiingie. Iache mpaka saa moja au mbili zipite. Dagaa wadogo wale wazima na mifupa yao, upate madini ya chokaa. Vitamini A itoke kwenye viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, na kwenye maboga, maembe na majani ya kijani. Chumvi iwe yenye madini joto, lakini isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku nzima, hasa kwako wewe mwenye shinikizo.

Juu ya unga nina neno. Dona ni bora kuliko sembe. Sembe imeondolewa pumba na kiini, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na sehemu ya madini. Ugali wa dona unashibisha mapema. Lakini dona inataka mahindi makavu na safi, kwani mahindi mabichi ghalani huota kuvu, na kuvu hutoa sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo anika mahindi juu ya turubai, usianike juu ya udongo. Kisha pima hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka robo, weka chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, ifunge, itikise, iache dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Punje zilizobadilika rangi na zilizotobolewa zichambue uzitupe. Usimpe hata kuku.

Sasa unauliza, "Bibi shamba, mboga nusu sahani kila siku, fedha nitoe wapi?" Swali zuri, na hapa ndipo ninaporudi kwenye kazi yangu. Mboga hizo hazitoki dukani. Zinatoka nyuma ya nyumba yako.

Tengeneza matuta 4 ya mita 1 kwa mita 5, karibu na mahali unapooshea vyombo, ili kumwagilia kusiwe safari. Chimba, changanya samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita mbili. Tuta la kwanza panda mchicha, mistari iachane sentimita 20 hivi. Utaanza kuvuna baada ya wiki 3 au 4. Usisie tuta zima siku moja. Sia nusu leo na nusu baada ya wiki mbili, ili mboga zisije zote pamoja na kwisha zote pamoja. Tuta la pili panda sukuma wiki, na uchume majani ya chini tu, utakula miezi mingi. Tuta la tatu weka matembele kwa vipande vya shina. Tuta la nne panda kunde, ule majani machanga na baadaye punje. Pembeni chimba mashimo mawili au matatu ya mipapai. Papai likipata maji na samadi huanza kuzaa kabla ya mwaka kwisha au karibu na hapo.

Mboga zikizidi wakati wa mvua, usiziache zizeeke. Zioshe, zitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha zikaushe kivulini penye upepo. Jua kali huua vitamini A. Zihifadhi mahali pakavu, na wakati wa kiangazi utakuwa na mboga yako.

Na mayai je? Hapa niseme wazi jambo ninalolikuta katika vijiji vingi. Mtoto anatumwa dukani na mayai 4 ya kuku wetu wa kienyeji. Anayauza. Anarudi na soda na mandazi. Tumeuza protini, madini na vitamini. Tumenunua sukari na mafuta. Tumejenga mwili wa mwenye duka, wetu tumeunenepesha. Simkatazi mtu kuuza mayai, maana fedha ya daftari na ya sabuni inatakiwa. Lakini kila wiki mayai machache yabaki nyumbani, ya watoto kwanza, kisha ya wakubwa.

Jambo lingine ambalo hutalisikia kwa watu wa mjini ni majira. Mkulima asianze kupunguza uzito wakati wa kulima na palizi. Wakati huo mwili unatumia nguvu nyingi, ghala la chakula linapungua, na wengi wetu hupungua wenyewe bila kutaka. Wakati huo lengo lako liwe kushikilia ulipo, kwa sahani nzuri. Anza baada ya mavuno. Chakula ni kingi na unaweza kuchagua, maharage na kunde ni mpya, na kazi imepungua. Ndiyo miezi ile ile ambayo zamani tulikuwa tukinenepa. Katika miezi hiyo tembea kwa miguu kwenda sokoni na kanisani au msikitini, bodaboda ibebe gunia. Na pombe, iwe ya kienyeji au ya chupa, ihesabu kuwa ni chakula, maana gramu moja ya kileo ina kalori 7 na haijengi kitu.

Baba mwenye nyumba, sasa nazungumza na wewe. Mama hawezi kupika vyungu viwili. Ukidai mboga inayoelea mafuta na mlima wa ugali, umemfunga mikono. Mabadiliko haya ni ya chungu kimoja na familia nzima. Wewe nawe pitisha kamba kiunoni.

Na majirani? Nalijua hilo vilevile. Katika vijiji vyetu mtu akinenepa tunasema ametunzwa, mambo yamemnyookea. Akipungua tunanong'onezana, "Ana nini yule? Au ndiyo ule ugonjwa? Au mumewe hampi matumizi?" Maneno hayo yamewarudisha wengi kwenye mlima wa ugali. Ndugu zangu, tuache. Mwenzako akikuambia anapunguza uzito kwa ushauri wa zahanati, msaidie. Omba mbegu za mchicha wake.

Lakini pana upungufu mwingine ambao si wa kufurahia. Mtu akikonda bila kukusudia, huku anakohoa wiki mbili au zaidi, au anatoka jasho usiku, au ana kiu nyingi na anakwenda haja ndogo mara kwa mara, huyo aende zahanati upesi. Vilevile wapo ambao hawatakiwi kupunguza uzito kwa kujiamulia: mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto anayekua, mzee aliyedhoofu, mgonjwa wa kifua kikuu na mtu anayeishi na virusi vya ukimwi. Na anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu azungumze kwanza na mganga wake, kwani chakula kikibadilika, pengine na kipimo cha dawa kitatakiwa kibadilike. Asiache dawa kwa kuwa eti amepungua.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadili, wakarudi nyumbani kupanda na kufuga. Wakati ule shida iliyozungumzwa ilikuwa upungufu. Leo upungufu bado upo, na unene umekuja juu yake. Lakini dawa ya yote mawili inatoka shamba moja: mboga, matunda, jamii ya kunde, na wanyama wadogo wa nyumbani. Anayehitaji kuongezeka aongeze, anayehitaji kupungua apunguze, na wote wale chakula chenye virutubishi kamili.

Ukimaliza kusoma, jadili na wenzako katika kikundi. Kwanza: katika nyumba zetu, chupa moja ya mafuta ya kula inakwisha kwa siku ngapi, na walaji ni wangapi? Pili: ni mboga gani za asili zinazoota hapa kijijini ambazo tumeziacha? Tatu: wiki iliyopita tumeuza mayai mangapi, na fedha yake tumenunua nini? Mkipata majibu ya kweli, mtajua pa kuanzia. Pa kuandika andikeni, na baada ya msimu mmoja wa mahindi pimeni tena kwa kamba ile ile. Msiitupe.

Haya, ndugu mkulima. Usianze yote siku moja. Wiki hii pima mafuta kwa kijiko na uandae tuta la kwanza. Wiki ijayo punguza kijiko cha sukari. Hivyo hivyo mpaka sahani yote ibadilike. Safari hii tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za kunde zisitobolewe na wadudu. Mpaka wakati huo, nakutakia kazi njema na afya njema. Kwaheri.